Nembo Kwenye Skrini ya Kuingilia: Kibao cha Mlangoni cha Kompyuta ya Umma

Mgeni anayefika Kaengesa kwa mara ya kwanza hahitaji kuuliza sana. Shule ina kibao chake, ofisi ya kata ina kibao na bendera, na mahali pa matibabu pana maandishi yanayosomeka kutoka njiani. Kibao hakitibu mgonjwa wala hakifundishi mtoto. Hata hivyo, humwambia mtu mambo matatu anayoyahitaji kabla hajavuka kizingiti: yuko wapi, mwenye mahali hapo ni nani, na akipata shida amwendee nani.

Kompyuta nayo ina mlango. Mtumishi anapoiwasha, kabla hajaona faili hata moja, husimamishwa na skrini inayomtaka ataje jina lake la mtumiaji na aandike nywila. Hiyo ndiyo skrini ya kuingilia. Katika kompyuta nyingi mlango huo huwa mtupu, au hubeba nembo ya watengenezaji wa programu walioko ng'ambo. Mtu akiitazama hawezi kujua kama kompyuta ni ya shule, ya ofisi ya kijiji au ya duka la kuchapishia nyaraka. Makala haya yanaeleza jinsi nembo ya taasisi inavyowekwa mahali hapo katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, ulio wa ukoo wa Unix. Yanaeleza pia jambo lililo kubwa kuliko picha yenyewe, yaani nini mwananchi aamini na nini asiamini anapoiona nembo hiyo.

Jambo hili linamhusuje mwananchi

Huduma nyingi ambazo zamani ziliandikwa katika daftari kubwa la mezani leo hupitia kwenye kompyuta au simu. Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Ufipa ni mbolea ya ruzuku. Tangu msimu wa 2022/2023, mkulima anayetaka mbolea hiyo husajiliwa katika mfumo wa kidijitali. Jina lake, namba yake ya simu na ukubwa wa shamba lake huhifadhiwa humo, na taarifa hizo ndizo zinazotumika anapokwenda kwa wakala kuchukua mifuko yake. Kwa kaya inayotegemea mahindi, kosa katika kumbukumbu hiyo si kosa la karatasi tu. Mbolea ikikosekana mvua zinapoanza, hasara yake huonekana ghalani baada ya mavuno.

Kwa sababu hiyo, swali la nani anaingia katika kompyuta na kwa jina la nani si la mafundi peke yao. Taarifa za mkulima zikiandikwa katika kompyuta isiyojulikana mwenyewe, au mtumishi akiiacha wazi akaondoka, mtu mwingine anaweza kuzisoma, kuzibadili au kuzitumia. Skrini ya kuingilia iliyopangwa vizuri hupunguza hatari hiyo kwa njia tatu. Inamtambulisha mwenye mashine. Inamkumbusha mtumishi wajibu wake kila asubuhi. Na inaficha orodha ya majina ya watumiaji isionekane na kila apitaye dirishani.

Mlango wa Unix na historia yake

Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Tangu mwanzo ulikusudiwa kutumiwa na watu wengi katika mashine moja, na ndiyo maana ulihitaji mlango. Kila mtu alijitambulisha, akapewa eneo lake, na faili zake zikalindwa dhidi ya jirani yake. Mlango wa siku hizo ulikuwa wa maandishi matupu. Neno la kumtaka mtu ajitambulishe lilijitokeza, naye akaandika jina na nywila. Msimamizi aliyetaka kuweka tangazo aliliandika katika faili la maandishi lililosomwa kabla ya kuingia. Faili hilo, `/etc/issue`, lipo hata leo katika kompyuta za Linux.

Picha zilipoingia kwenye skrini, mlango nao ulipambwa. Katika miaka ya 1990 kampuni za HP, IBM na Sun zilishirikiana kutengeneza mazingira ya kazi ya pamoja yaliyoitwa CDE. Kompyuta za kazi zilizotumia mazingira hayo ziliwasalimia watumiaji kwa skrini yenye nembo ya kampuni. Wasimamizi wa vyuo na ofisi walitaka nembo zao zionekane badala ya ile ya muuzaji, na utaratibu ulikuwepo. Faili la asili la mipangilio lilinakililiwa kutoka folda ya mfumo hadi folda ya msimamizi, kisha nakala hiyo ndiyo iliyohaririwa. Sababu yake ilikuwa rahisi: mfumo ulipopata toleo jipya, faili la asili lilifutwa na kuandikwa upya, lakini nakala ya msimamizi ilibaki salama. Kanuni hiyo ya kutogusa kilicho cha mfumo na kuweka mabadiliko mahali palipotengwa kwa msimamizi ingali inatumika.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, alitangaza kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux. Kiini hicho kinafuata mwenendo wa Unix, na mtu yeyote anaruhusiwa kukitumia, kukinakili na kukirekebisha. Leo kimo ndani ya simu zote za Android, zikiwemo zilizo mikononi mwa wakazi wa Kaengesa. Juu ya kiini hicho zimejengwa familia za mifumo kamili. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni la shina moja na maneno mtu na utu.

Tanzania haikukaa pembeni. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilionesha kwamba programu huria si ya kupokelewa tu kama ilivyo. Anayeitumia anaweza kuibadili ifanane na watu wake, kwa lugha na kwa sura. Kuweka nembo ya shule kwenye skrini ya kuingilia ni hatua ndogo katika njia hiyohiyo.

Maandalizi ya picha

Kazi huanza na picha, na hapo ndipo wengi hukosea. Picha iliyokusudiwa karatasi ya barua au bango haifai moja kwa moja kwa skrini ya kuingilia, kwa kuwa nafasi ya nembo hapo ni ndogo. Nembo inayokuja na Debian, kwa mfano, imeandaliwa kwa kimo cha pikseli 64 tu, kiasi kisichofikia upana wa vidole viwili kwenye skrini ya kawaida.

Ugumu wa udogo huo unaonekana wazi katika Nembo ya Taifa. Ndani yake kuna ngao yenye mwenge, bendera, shoka na jembe vilivyopishana, mkuki na mawimbi. Ngao imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, imezungukwa na pembe mbili za ndovu, na imeshikwa na Bwana na Bibi, mkarafuu ukiwa miguuni pa mmoja na mpamba miguuni pa mwingine. Chini kuna utepe wenye maneno Uhuru na Umoja. Picha yenye mambo mengi kiasi hicho ikibanwa katika pikseli 64, maneno hayasomeki na mkarafuu hautofautiani na mpamba. Nembo ya shule yenye kitabu, mwenge na kaulimbiu ndefu hupata shida hiyohiyo. Inashauriwa kutumia umbo lililo rahisi, au kuweka jina la taasisi kwa herufi kubwa pembeni mwa nembo.

Mambo mengine matatu huzingatiwa. Picha ihifadhiwe katika muundo wa PNG, kwa kuwa unaruhusu eneo linalozunguka nembo kuwa wazi bila rangi. Bila hivyo, nembo huonekana ndani ya kisanduku cheupe kinachochukiza juu ya skrini yenye rangi nzito. Jina la faili liwe fupi, la herufi ndogo na lisilo na nafasi, kama `nembo.png`. Na uwiano wa kimo na upana usibadilishwe, kwani nembo iliyovutwa upande mmoja hupoteza heshima yake.

Hatua za kuiweka

Maelezo yanayofuata yanahusu Debian, Ubuntu na jamaa zake zinazotumia mazingira ya GNOME, ambamo programu inayosimamia mlango huitwa GDM. Kazi hii hufanywa na msimamizi wa mfumo, si na kila mtumiaji, kwa sababu mlango ni wa wote.

Kwanza, picha hunakiliwa kwenye folda inayosomeka na mfumo mzima, kisha hupewa ruhusa ya kusomwa na wote:

`sudo cp nembo.png /usr/share/pixmaps/nembo.png`
`sudo chmod 644 /usr/share/pixmaps/nembo.png`

Hatua hii ina sababu yake. Skrini ya kuingilia hutokea kabla mtu yeyote hajaingia, hivyo haina idhini ya kufungua folda binafsi ya mwalimu au ya mtendaji. Picha ikiachwa humo, GDM hubisha hodi na kukuta pamefungwa, na nembo haionekani.

Pili, faili la mipangilio hunakiliwa kabla halijaguswa, ili pawepo pa kurudi:

`sudo cp /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults /root/greeter.asili`

Tatu, faili lenyewe hufunguliwa kwa kihariri cha maandishi:

`sudo nano /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults`

Ndani yake kuna mistari mingi inayoanza kwa alama ya reli, yaani `#`. Mstari wenye alama hiyo ni maelezo tu, na kompyuta huuruka. Msimamizi hutafuta sehemu yenye kichwa `[org/gnome/login-screen]`, akaondoa alama ya reli kwenye kichwa hicho ikiwa ipo, kisha akahakikisha kwamba chini yake ipo mistari ifuatayo:

`[org/gnome/login-screen]`
`logo='/usr/share/pixmaps/nembo.png'`
`disable-user-list=true`
`banner-message-enable=true`
`banner-message-text='Kompyuta hii ni ya umma. Anayeruhusiwa kuingia ni mtumishi mwenye jina la mtumiaji. Ukipata tatizo, mwone Mtendaji wa Kata.'`

Mstari wa `logo` unataja mahali picha ilipo. Mstari wa `disable-user-list` unaondoa orodha ya majina, na kila mtumishi atalazimika kuandika jina lake mwenyewe. Mistari miwili ya mwisho inawasha tangazo na kutoa maneno yake.

Nne, faili huhifadhiwa, kazi zote zilizo wazi hufungwa, na kompyuta huwashwa upya. Mlango ukifunguka, nembo mpya itaonekana. Katika familia nyingine za Linux, kama Fedora, mipangilio hiyohiyo huwekwa katika faili jipya ndani ya folda `/etc/dconf/db/gdm.d`, kisha amri `sudo dconf update` hutolewa ili mfumo uisome. Maneno ya mipangilio hayabadiliki. Kinachobadilika ni mahali pa kuyaweka.

Mashine zilizozeeka

Shule nyingi hupokea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine. Mashine za namna hiyo huelemewa na GNOME, na mafundi huziwekea mazingira mepesi kama Xfce. Humo mlango husimamiwa mara nyingi na programu iitwayo LightDM, ambayo skrini yake ya kawaida haina sehemu mahususi ya nembo. Njia inayotumika ni kuandaa picha moja kubwa ya mandharinyuma, nembo ikiwa imechorwa ndani yake kuelekea juu, mbali na kisanduku cha kuandikia nywila. Picha hiyo hutajwa katika faili `/etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf`, chini ya kichwa `[greeter]`:

`background=/usr/share/pixmaps/mlango.png`

Kwa mashine isiyo na picha kabisa, maneno ya utambulisho huandikwa katika `/etc/issue`, kama ilivyokuwa tangu siku za Unix ya maandishi. Taasisi isiyo na mchoraji inaweza kutosheka na mstari mmoja wa maneno yaliyo wazi, na mstari huo ukafanya kazi sawa na picha nzuri.

Lugha ya mlango pia hubadilishwa. Mfumo wa Linux unaitambua Tanzania kwa alama `sw_TZ`, na msimamizi anaweza kuifanya lugha ya mashine nzima. Tafsiri haijakamilika katika programu zote, kwa hiyo baadhi ya maneno hubaki katika Kiingereza. Tangazo lililoandikwa na msimamizi mwenyewe, hata hivyo, hubaki kama alivyoliandika, na hiyo ni sababu tosha ya kuliandika kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka na mkazi wa kawaida.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza limekwisha kutajwa, nalo ni picha kuachwa katika folda binafsi. La pili ni njia ya faili kuandikwa visivyo. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo `Nembo.png` na `nembo.png` ni faili mbili tofauti.

La tatu linawahusu hasa waandishi wa Kiswahili. Maneno ya tangazo huwekwa kati ya alama mbili za mkato wa juu. Kiswahili nacho hutumia alama hiyohiyo katika maneno kama ng'oa, ng'ambo na ng'ombe. Msimamizi akiandika 'Using'oe waya wa umeme', kompyuta huiona alama ya katikati ya neno kama mwisho wa tangazo, na yanayofuata huyaona kuwa upuuzi. Matokeo yake mipangilio yote, pamoja na nembo, inaweza kukataliwa. Dawa ni kuzungushia tangazo alama za kunukuu zilizo mbili mbili, hivi:

`banner-message-text="Using'oe waya wa umeme kabla ya kuzima kompyuta."`

La nne ni kuandika mengi. Tangazo si barua. Mtumishi hulisoma akiwa amesimama, mwananchi hulisoma akiwa ng'ambo ya meza, na sentensi mbili au tatu zinatosha.

La tano ni hofu. Mlango usipofunguka baada ya mabadiliko, si lazima mfumo mzima uwekwe upya wala kazi za watu zifutwe. Vitufe vya Ctrl, Alt na F3 vikibonyezwa pamoja hufungua mlango wa maandishi. Msimamizi huingia kwa jina lake, akarudisha faili la asili alilolinakili, akawasha mashine upya:

`sudo cp /root/greeter.asili /etc/gdm3/greeter.dconf-defaults`
`sudo reboot`

Fundi aliyeruka hatua ya kunakili ndiye anayepata taabu hapa. Tahadhari huja kabla ya hatari.

Nembo si kufuli

Baada ya hatua hizo zote, limebaki jambo la kukumbukwa kuliko mengine. Urahisi wa kazi iliyoelezwa hapo juu ndio udhaifu wake. Mtu yeyote mwenye mamlaka juu ya kompyuta yake anaweza kuiwekea nembo yoyote. Amri sita au saba zinatosha kuifanya mashine ya duka la mtaani ionekane kama ya Serikali. Kibao mlangoni humwongoza mtu mwema, lakini hakimzuii mwizi, na mwizi naye anaweza kuchonga kibao chake.

Kwa hiyo nembo kwenye skrini isichukuliwe kuwa uthibitisho. Mwananchi anayeombwa taarifa zake ana haki ya kuuliza maswali mepesi: ofisi hii ni ya nani, taarifa hizi zinaingizwa katika mfumo gani, na zitatumika kwa jambo gani. Ikiwa huduma inatolewa kwa njia ya intaneti, atazame anwani iliyo juu ya ukurasa. Anwani za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na `go.tz`, na mwisho huo hautolewi kwa mtu binafsi. Picha ya ngao inanakiliwa na yeyote kwa dakika moja, lakini anwani hiyo hainakiliwi kirahisi hivyo.

Jambo jingine ni nywila. Hakuna nembo, wala mtu anayejitambulisha kuwa ametumwa na taasisi yenye nembo hiyo, inayompa haki ya kuulizwa nywila ya mtumishi au namba ya siri ya mwananchi. Vijana wanaowasaidia wazazi na wazee katika huduma za simu wanapaswa kuwaeleza hili kwa subira. Mzee aliyezoea kuheshimu muhuri wa Serikali kwenye karatasi anaweza kuipa picha ya skrini heshima ileile, na anayemtapeli hulijua hilo.

Mtumishi naye ana sehemu yake. Kuficha orodha ya majina hakusaidii kitu ikiwa nywila imebandikwa ukingoni mwa skrini, au ikiwa watumishi watatu wanatumia jina moja. Kila mmoja awe na jina lake ili kazi iliyofanywa ijulikane imefanywa na nani. Anapoinuka kitini, hata kwa muda wa kumsindikiza mgeni mlangoni, afunge skrini. Katika GNOME inatosha kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Super, chenye alama ya dirisha katika kompyuta nyingi, na herufi L.

Sheria zinasemaje

Nembo ya Taifa inalindwa na Sheria ya Bendera na Nembo ya Taifa ya mwaka 1971. Haitumiwi kama pambo, wala kama njia ya kulipa duka sura ya ofisi ya umma. Wenye maduka ya kuchapisha nyaraka na kutoa huduma za intaneti wanapaswa kuweka nembo za biashara zao wenyewe kwenye kompyuta zao. Nembo iliyobuniwa na mwenye duka ni halali yake, na humtangaza vizuri zaidi.

Kwa taasisi za umma, matumizi ya TEHAMA yanaongozwa na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao. Shule, ofisi ya kijiji au kituo cha kutolea huduma kinachotaka kubadili skrini za kompyuta zake kishauriane kwanza na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri, ili nembo iwe sahihi na mipangilio ifanane katika ofisi zote. Wafanyakazi wa kujitolea na wanafunzi wenye ujuzi wanaweza kusaidia, lakini chini ya usimamizi wa mwenye dhamana.

Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Tangazo la mlangoni lina maana hapa pia, kwa kuwa aliyelisoma hawezi kudai kwamba hakujua mashine ni ya nani. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa lengo halali na azilinde. Jina, namba ya simu na kumbukumbu za shamba la mkulima ni taarifa za mkulima, hata zikiwa ndani ya kompyuta ya ofisi.

Mwananchi afanye nini

Anayekuta kompyuta ya ofisi ya umma ikiwa wazi bila mtumishi, au anayeona nembo ya Serikali ikitumika mahali pasipostahili, atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtendaji wa Kata. Mkulima anayeona taarifa zake za usajili zimebadilika bila yeye kujua asingoje siku ya kuchukua mbolea. Aende mapema, akiwa na kitambulisho chake na simu aliyojisajilia, ili kumbukumbu zirekebishwe kabla ya msimu.

Walimu na wanafunzi wa masomo ya kompyuta wanahimizwa kulijaribu zoezi lililoelezwa hapa kwa kutumia nembo ya shule yao, katika mashine isiyo na kazi za ofisi, wakianza na ile hatua ya kunakili faili la asili. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi aliyeuchora mlango wa kompyuta kwa mkono wake hujua jinsi unavyotengenezwa, na ajuaye hivyo si rahisi kudanganywa na mlango uliochorwa na mwingine.